Picha ya Moyo, Jina la Babu

Kwa ukoo wa mume wangu, altrasaundi ina kazi moja tu: kusema kama ni dume au jike. Mengine yote ni mbwembwe za madaktari. Ndiyo maana siku nilipokwenda kupimwa Musoma mjini, mimba ikiwa imevuka nusu, nilisindikizwa kama bibi harusi. Mama mkwe alitoka Kiriba alfajiri na ndoo ya sato. Wifi yangu alitoka Bunda na kitenge kipya. Mume wangu, anayefundisha Butiama, aliomba ruhusa kazini akaja kusimama ukutani na kunyamaza, kazi anayoiweza sana.

Mpimaji akasema ni wa kiume. Wifi akapiga vigelegele mpaka mlinzi akachungulia. Mimi nilikuwa namwangalia mpimaji, maana alikuwa amerudisha kile kifaa chake usawa wa kifua cha mtoto na hakukitoa.

"Hapa kwenye moyo sijaridhika," akasema. "Nakuandikia rufaa uende Mwanza, kuna madaktari wa moyo wa watoto. Usicheleweshe."

Mama mkwe akamuuliza, "Lakini dume, una uhakika?"

Jamani!

Jioni ile sebule yangu ya Bweri iligeuka bunge. Hoja haikuwa moyo, hoja ilikuwa jina. Mama mkwe alitaka mtoto aitwe jina la babu mzaa baba, yule aliyekuwa na ng'ombe wengi. Wifi alitaka la baba mdogo aliyezama ziwani, kwa sababu eti anamtokea ndotoni akilalamika kwamba amesahaulika. Nilipotaja Mwanza waliniangalia kana kwamba nimeomba kupelekwa Ulaya.

"Mtoto akisumbua ni jina linamsumbua," alisema mama mkwe. "Watoto wakikataa jina walikuwaga wanalia mpaka wanabadilika rangi. Akiitwa lake, anatulia. Sisi haya tunayajua, mwanangu."

Basi wakaanza kumtafutia lake. Kila asubuhi mama mkwe aliinamia tumbo langu akaita marehemu mmoja mmoja, kama mwalimu anayeita mahudhurio, akisubiri mtoto acheze. Mtoto alicheza kwa wote. Alicheza hata muuza dagaa alipopita nje akipiga kelele. Nikauliza kama huyo naye tumwingize kwenye ukoo. Hakuna aliyecheka.

Wiki zikapita. Wifi akanichukua twende Bunda kupima tena. Nikafurahi, nikajua ameguswa. Kumbe alitaka kuhakikisha udume, tusije tukampa msichana jina la mzee! Mpimaji wa Bunda naye akasema yaleyale kuhusu moyo. Wifi akatoka nje anatangaza kwenye simu, "Ni dume kabisa!"

Hapo nilipandwa na hasira. Nilirudi nyumbani nikafunga begi, nikamwambia mume wangu nakwenda Mwanza, atake asitake. Akasema, "Tuone kwanza mama anasemaje." Nikamjibu kwamba mama yake hana mimba. Nilikuwa naogopa, sifichi. Niliogopa mwanangu atakufa huku sisi bado tunajadili.

Mama mkwe akasema hawezi kuniacha nizurure peke yangu na mjukuu wake. Akapanda basi na mimi, akaninunia njia nzima.

Daktari wa Mwanza, dada mmoja mpole, aliupima ule moyo taratibu, kisha akatukalisha.

"Mshipa unaopeleka damu kwenye mapafu umebana, na kuna tundu katikati ya moyo," akasema. "Humo tumboni hana shida. Shida inaanza akishazaliwa. Kwa hiyo azaliwe hapahapa, tumwangalie, na baadaye afanyiwe upasuaji."

"Na akizaliwa nyumbani?" nikauliza.

"Mtamwona mzima tu. Halafu akinyonya anachoka haraka, anatoka jasho, anaachia ziwa. Akilia, midomo na kucha vinakuwa vya bluu."

Mama mkwe akashika ukingo wa meza.

"Daktari, hiyo ya kuachia ziwa. Inatokana na jina?"

"Hapana, mama. Inatokana na moyo."

"Mimi walinifia wawili hivyohivyo," akasema, "kabla ya huyu baba yake. Walikuwaga wanalegea wakinyonya, midomo inakuwa ya bluu. Sisi tulikuwa tunawabadilisha majina tu. Yule wa pili tulimbadilisha mpaka majina ya ukoo yakaisha."

Simu yangu ikaita. Alikuwa mume wangu, anauliza tunarudi lini. Mama mkwe akaninyang'anya.

"Harudi mtu," akamwambia. "Njoo wewe huku."

Mtoto alizaliwa Mwanza, akafanyiwa upasuaji, na sasa anapanda makochi na kuvunja vikombe vyangu. Lakini siku zile za mwanzo, kila nilipomnyonyesha, mama mkwe alisogeza kiti mpaka magoti yetu yakagusana, akaiangalia midomo ya mtoto, na hakuangalia kitu kingine mpaka mtoto aliposhiba.