Kuzima Bahari Sebuleni

Mama alikuwa ameshafunga mzigo. Goti lililomleta kwangu Omurushaka kwa matibabu lilikuwa limepata nafuu, na kila asubuhi aliniuliza gari la kwenda Nyakasimbi linapita saa ngapi, kana kwamba hakuzaliwa wilaya hii. Kibanja chake kilikuwa kinamwita. Migomba haijapaliwa, kahawa inaiva, na jirani aliyeachiwa mbuzi hakuwa mtu wa kuaminika sana.

Mimi nilitaka abaki. Nasema waziwazi, sina haja ya kujikaza. Nilikuwa nimezoea kutoka dukani jioni na kumkuta kwenye kochi akinisubiri anigombeze kwa kuchelewa. Nina mke, nina watoto, nina mvi, na bado kugombezwa na mama kulinipa raha. Lakini ukimwambia abaki alikuwa anacheka tu na kukaza fundo la mzigo wake.

Kilichomzuia ni samaki.

Hapa lazima nieleze. Zamani nilifanya kazi kwenye hoteli moja Dar es Salaam, kazi yenyewe kutunza tangi kubwa la samaki wa baharini pale mapokezi. Niliporudi nyumbani nilirudi na ugonjwa huo. Sebuleni kwangu kuna tangi la kioo lenye maji ya mvua niliyoyatia chumvi maalumu, inayokuja kwa gunia. Mtaani wanasema nafuga samaki wasioliwa. Jirani yangu mmoja, mfugaji, alipoliona gunia aliniomba kidogo akawape ng'ombe, akiamini kabisa kwamba chumvi ya bei kubwa kama ile lazima iongeze maziwa.

Basi wiki ile Mama alipofunga mzigo, nililetewa samaki mpya. Alipanda ndege hadi Bukoba, akapanda basi hadi hapa, ndani ya mfuko wa plastiki. Mdogo kama kidole, mweupe mbele, mwekundu nyuma, na mgongoni ana mwiba mrefu kama antena ya redio. Nikamtia tangini. Akaingia kwenye tundu la jiwe, akabaki humo. Siku hiyo hakula. Kesho yake hakula.

"Huyu mgeni wako anaumwa?" Mama akaniuliza.

"Haumwi. Ana woga tu."

"Basi siondoki," akasema. "Nitaondokaje, mgeni hajala? Watu watasema nini?"

Watu gani, sikuuliza. Nilikwenda dukani nikiimba.

Tatizo lilikuwa maji. Kwenye tangi langu kuna pampu mbili: moja inarudisha maji kutoka kwenye chujio lililo chini, na nyingine inayasukuma humo ndani yawe na mawimbi, maana samaki wa baharini hawapendi maji yaliyolala. Ukitupa chakula, ambacho ni uduvi wa kugandishwa unaomnyima mke wangu nafasi kwenye friji, mawimbi yanaupeperusha huku na huku. Samaki wangu wakubwa wa manjano, walafi wasio na aibu, wanaudaka njiani. Unaobaki unamezwa na chujio. Yule mwoga akichungulia tundu lake anakuta chakula kimeshapita.

Mama alitazama mara moja, akashika kiuno.

"Mgeni anakula, wewe unamfagilia miguuni?"

Kwetu hilo ni kosa kubwa. Mtu akiwa anakula, ufagio unawekwa chini. Ukifagia ni kama unamwambia aondoke.

"Sio ufagio, Mama. Ni pampu."

"Kinachosukuma chakula cha mtu ni ufagio. Zima."

"Bahari haizimwi!" nikasema, na nilisema kwa ukali, kwa sababu nilikuwa na kidonda. Mwaka uliopita umeme ulikatika nikiwa safarini, maji yakalala muda mrefu, na nikarudi nikakuta samaki wanaelea. Tangu hapo nilishaapa pampu zangu hazitasimama.

Mama akajikokota hadi ukutani na kuchomoa waya mwenyewe, pampu zote mbili. Kisha akazima na televisheni. Watoto wakapiga kelele, akawatuliza kwa jicho moja tu.

Nyumba ikawa kimya hata nikasikia kipuliza hewa kikitoa mapovu yake kule nyuma ya tangi. Hicho tu ndicho kilichobaki, na kwa dakika chache kiliwatosha samaki. Nikadondosha uduvi. Ulishuka polepole, na kwa mara ya kwanza nikawaona samaki wangu wakila bila papara. Nilifurahi nikasahau kuwa nimekasirika. Hata mke wangu alitoka jikoni na kisu mkononi kuja kutazama.

Lakini yule mwekundu hakutoka. Uduvi ulizama mchangani mbele ya mlango wake, naye akautazama tu. Nikachomeka pampu.

"Labda umpe senene," Mama akasema kwa huzuni.

Usiku ule, nikiwa nimelala, ndipo nilipoelewa. Samaki wa aina yake hali kilicholala. Kwao husimama mdomoni mwa shimo, ameelekea mkondo, akisubiri chakula kimpitie. Mawimbi yalikuwa yanamnyang'anya, na ukimya ulikuwa haumletei kitu. Dawa ilikuwa kuzima pampu ya chujio, kisha kuiacha ile ya mawimbi kwa kasi ndogo kabisa, mdomo wake ukielekea kwenye jiwe. Rahisi.

Asubuhi nikasimama mbele ya tangi, kidole kwenye swichi, nikasita. Samaki akila, Mama anaondoka. Nikiacha mambo yalivyo, nina siku nyingine, pengine mbili. Nikageuka. Mama alikuwa ameshapiga lile goti lake bovu sakafuni, uso kwenye kioo, anamwambia samaki kwa Kinyambo atoke, hakuna atakayemdhuru, hapa ni kwa mwanawe.

Nikapunguza kasi. Maji yakabaki yanatembea kidogo tu. Nikaweka uduvi karibu na pampu, ukaondoka mmojammoja kuelekea kwenye jiwe, na ile antena ikatokea. Kisha kichwa. Kisha mwili wote, hadi mkia mwekundu. Akaelea mlangoni kwake, akadaka. Akadaka tena.

"Mawe!" Mama akapiga kelele, mshangao wetu wa Kinyambo, kisha akapiga vigelegele hata yule jirani mfugaji akaja mbio, akidhani tunaoza binti. Tulicheka mpaka tukalia. Nilimwinua Mama sakafuni, akanikumbatia, akanipigapiga mgongoni kama nimefaulu mtihani.

Mchana akapanda gari la Nyakasimbi na mzigo wake. Sikumzuia. Alikuwa na furaha mno.

Kesho yake jioni simu ikalia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umepunguza maji?"

"Nimepunguza."

"Mwekundu ametoka?"

"Ametoka. Anakula vizuri."

"Na wewe, umekula?"

Nilikuwa nimesimama, simu mkono mmoja, kibakuli cha uduvi mkono wa pili, ndizi zangu zimepoa mezani.

"Bado, Mama."

"Basi kaa chini ule. Na hiyo televisheni naisikia, izime."

Nikazima, nikakaa, nikaiweka simu karibu na sahani. Nilimsikia kule kwake akikohoa, akimfukuza mbuzi mlangoni. Hakukata simu mpaka nilipomaliza kula.