Laptop Bubu ya Opareta

Sijawahi kumpenda mteja anayekaa. Mteja mzuri huacha mashine, nikaibandika kipande cha plasta chenye jina lake, akaenda zake, nami nikabaki na ujinga wangu faraghani mpaka nipate jibu. Opareta alikuwa mteja wa kukaa. Alivuta stuli ya plastiki mpaka goti lake likagusa meza yangu ya kazi, akalaza fimbo yake nyeupe chini ya miguu, akasema, "Endelea, Daktari. Mimi nipo."

Daktari ndiye mimi. Jina nilijipa mwenyewe, nikaliandikisha kwenye kibao cha mlangoni: Daktari wa Kompyuta. Shuleni nilitoka mapema, shule na mimi tukiwa tumechokana. Kiingereza cha kwenye kompyuta nilikijua kwa mahali kilipokaa: kitufe cha kushoto kinakubali, cha kulia kinakataa, cha chini kabisa usikiguse. Kwa ujuzi huo nimelisha watoto watatu, na sikuona sababu ya mtu yeyote kujua zaidi ya hapo.

Opareta naye jina lake lilikuwa la kazi. Alipoteza macho akiwa na miaka minne, kwa surua. Alipokua aliajiriwa kuunganisha simu kwenye ofisi moja kubwa, akakaa miaka kumi na tisa katika kijichumba cha chini ya ngazi, vipokea sauti masikioni. Namba za ndani zilikuwa mia mbili na kitu, na zote zilikaa kichwani. Alijua nani ana mafua kabla mwenyewe hajapiga chafya. Alijua mkubwa gani hataki kuunganishwa na mkewe, na kila mara alimuunganisha. Kisha ofisi ikaleta mtambo unaojibu wenyewe, ule wa bonyeza moja, bonyeza mbili, na yeye wakamuaga kwa hotuba na zawadi ya saa ya ukutani. Saa ya ukutani! Tena si ya kengele. Aliitundika sebuleni, akasema wageni wake wanaona.

Baada ya hapo alijifunza kompyuta mwenyewe, akachagua Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta usiouzwa. Ile programu ya kusoma skrini kwa sauti inakuja nayo bure, na kazi nyingi hufanywa kwa kuandika amri. "Hakuna kutafuta kijipicha," aliniambia. "Unaiambia, inafanya, inakujibu. Tunaelewana."

Jumanne hiyo alikuja na laptop mbili. Ya zamani ubao wake mkuu ulikuwa umeungua. Nyingine ilikuwa mtumba wa karibuni, kaka yake kamnunulia. Aliomba nihamishe diski kutoka ile kwenda hii. Na haraka alikuwa nayo: ofisi ya mawakili ilikuwa imempa rekodi tatu za mahojiano, za saa moja moja, azinukuu kwa maandishi, mwisho Alhamisi saa sita mchana. Walikuwa wanajaribu watu wawili, na mmoja angepewa ajira. "Meza yangu, kiti changu, mshahara kila mwezi," alisema, akigusa meza yangu kana kwamba ndiyo hiyo. "Nimeshamaliza nusu ya rekodi ya kwanza. Leo ukinipa mashine, kesho nalala mapema."

Kuhamisha diski ni kazi ya dakika kumi. Linux haina makuu, unaitia kwenye mashine ngeni inaamka. Ikaamka kweli, kila kitu mahali pake, ila kimya. Opareta aliinamisha kichwa akisubiri sauti imkaribishe.

"Haisemi," akasema.

Kwenye alama ya spika kulikuwa na mkato. Sijawahi kutafuta draiva, ile programu ya kuendesha kifaa, kwenye Linux. Kwenye mfumo niliouzoea nina flashi yenye draiva za kila namna, nachomeka, inajitafutia, nakunywa chai. Hapa sikuwa hata na pa kuchomeka wazo. Neno "sijui" ni fupi kuliko yote niliyosema siku ile, na halikutoka.

"Dada, spika zimekufa."

"Zimekufa?"

"Kabisa. Mitumba ndivyo ilivyo."

"Hebu izime, uiwashe tena."

Nikaizima, nikaiwasha.

"Umesikia?"

"Nini?"

"Inapowaka, spika inapiga tik. Ndogo tu. Maiti haipigi tik, Daktari."

Upande wa pili wa duka shemeji yangu aliangua kicheko. Ni mdogo wa mke wangu, mwenye mashine ya fotokopi. Amesoma chuo, Kiingereza chake kinateleza, na habari za dukani hufika nyumbani kwangu kabla yangu. Nilicheka na mimi, kicheko kile cha kujifuta vumbi.

Opareta hakunisuta. "Basi ni draiva," alisema. "Spika zipo, ila mashine haijui namna ya kuongea nazo. Mimi nitakutajia cha kuandika, wewe uwe macho yangu. Unisomee kila itakachojibu. Kila kitu, hata kama hakina maana."

Nikaandika amri alivyonitajia, herufi moja moja. Ikatapika mistari mamia. Akanipa amri nyingine ya kuchuja yanayohusu sauti tu, ikabaki mistari minane. Nikaanza kusoma. Ya mwanzo ilikuwa mifupi, tarakimu nyingi, nikaisoma kwa sauti ya mtangazaji wa habari. Mstari wa sita ulikuwa mwekundu, mrefu, umejikunja kwenye safu mbili, maneno ya Kiingereza ambayo ulimi wangu haukuwahi kukutana nayo. Ndipo shemeji akasimamisha mashine kuongeza karatasi, na duka zima likanyamaza. Wateja wawili walikuwa wamesimama na vyeti vyao, wakinitazama mdomoni.

Darasa la saba niliwahi kusimamishwa nisome ukurasa wa Kiingereza mbele ya wenzangu. Walicheka mpaka mwalimu akatoa leso akajifuta machozi. Sijasoma Kiingereza kwa sauti tangu siku ile, na mwanamke huyu alikuwa ananisimamisha tena.

Nikauruka. Nikasoma wa saba na wa nane, nikaishia hapo.

"Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu, dada."

Mteja mwingine ningemgeuzia skrini, nikamwambia soma mwenyewe. Yeye alikuwa na mimi tu, na nililijua hilo nilipokuwa nauruka. Hilo ndilo linaloniuma zaidi hata sasa.

Tulihangaika siku mbili. Tulipandisha vipimo vyote vya sauti mpaka juu. Tuliondoa programu za sauti, tukaziweka upya. Tuliwasha na kuzima mpaka nikaona huruma kwa kile kitufe. Opareta alinitajia amri bila kuchoka, nami nilichapa, na kila mara aliuliza iliandika nini, nami nikasoma ninachokiweza nikameza nisichokiweza. Jumatano mchana sauti yake ilikuwa imepungua.

"Daktari, una hakika ile Jumanne hakukuwa na kingine? Maana mashine haigomi hivihivi. Huwa inasema."

"Hakukuwa na kingine."

Aliniuliza hivyo mara tatu. Mara ya tatu nilimjibu kwa ukali kidogo, kama mtu aliyedhulumiwa, na yeye akaniomba radhi. Akaniomba radhi mimi!

Mtu atasema: alipokwenda nyumbani kulala, kwa nini usiutafute mstari ule kimyakimya? Kwa sababu Jumanne jioni nilikuwa nimeshajiaminisha kwamba haukuwa na maana, kwamba ulikuwa porojo za mashine. Uongo ukiurudia mchana kutwa, jioni unakuwa mali yako. Na shemeji alikuwa hatua tano kutoka mezani kwangu siku zote mbili. Kumwita, "Shemeji, njoo unisomee hapa," ni pumzi moja. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua, nami nilijiita daktari.

Jumatano tukifunga, Opareta alipiga simu kwa mawakili mbele yangu, akaomba mpaka Ijumaa. Nilisikia sauti ya kijana upande wa pili, ya adabu kabisa, ikisema haitawezekana. "Asante, mwanangu," alimjibu. Kisha akakaa na simu mapajani muda mrefu kuliko simu yenyewe ilivyodumu.

Usingizi ulinikataa. Alhamisi nilifungua duka saa kumi na mbili na nusu, peke yangu, nikaurudisha mstari ule mwekundu, nikaunakili kama ulivyo, nikautafuta mtandaoni. Jibu lilikuwa la kwanza kabisa. Mashine ilikuwa inasema, wazi kama mtoto anayelia njaa, kwamba kuna faili la kuendesha kadi ya sauti halipo, na jina la faili ni hili. Nikashusha kifurushi chenye faili hilo, nikakisakinisha, nikaizima na kuiwasha. Chai yangu ilikuwa bado ya moto laptop ilipofungua mdomo. Nilipaswa kushangilia. Nilikaa kwenye ile stuli ya plastiki nikashika kichwa.

Opareta alifika saa mbili na nusu, mbio, vifungo vya koti vimepishana. Alipoisikia sauti alicheka peke yake, akanipapasa bega. "Daktari wewe! Mungu akupe maisha." Akavaa vipokea sauti, akaanza kuchapa hapohapo mezani kwangu, maana safari ya kwenda nyumbani ingekula dakika arobaini. Sijaona vidole vya namna ile. Nilimwekea maji, hakuyagusa. Lakini saa moja ya mazungumzo inataka saa nne za kuchapa, na rekodi mbili na nusu zilikuwa zimebaki. Saa sita kasoro dakika tano alikuwa amemaliza ya kwanza na robo ya pili.

Akapiga simu. Yule yule kijana alimwambia mwenzake ameshawasilisha zote tatu tangu jana, na kwamba wanamshukuru kwa muda wake.

Alivua vipokea sauti akavikunja vizuri. Mimi nilijitia kupanga bisibisi.

"Hebu niambie," akasema, "ilikuwa nini? Isije ikanipata tena."

"Kulikosekana kifaili."

"Ukakijuaje?"

"Nilibahatisha."

"Jina la faili la namna hiyo hulibahatishi."

Akachomoa waya wa vipokea sauti, akaandika amri. Sikujua kwamba Linux huweka kumbukumbu ya kila ilipowashwa, kwa siku na saa, na kwamba ukiidai inakusomea. Yeye alijua. Ile sauti bapa, isiyo na huruma wala chuki, ilianza kusoma ndani ya duka langu: Jumanne, saa tatu na dakika kumi na nne, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ilipofika wa sita ikausoma wote, kutoka mwanzo hadi mwisho, na jina la faili. Shemeji alisimama na karatasi mkononi. Yeye alielewa papo hapo.

Opareta aliurudia mara moja zaidi.

"Huu ulikuwepo Jumanne."

"Ulikuwepo."

"Labda skrini ilikuwa haionekani vizuri?" aliuliza, taratibu, na nikajua ananifungulia mlango nitoke. Nilitamani sana kutoka.

"Ilionekana. Niliuruka. Kiingereza kilinishinda, na kulikuwa na watu. Niliona haya, dada."

Nilitegemea matusi. Nilikuwa nimeyaandalia shingo. Yeye alikaa tu, mkono mmoja juu ya kibodi, uso umeelekea kwenye mlango ambako magari yalikuwa yakipita.

"Usome sasa," akasema.

"Dada, umeshaisikia mashine."

"Nataka wewe. Usome."

Duka lilikuwa na watu zaidi ya Jumanne. Shemeji alikuwepo, na mwanafunzi mwenye kitambulisho cha kutolewa fotokopi, na baba mmoja aliyeleta printa. Nikasogeza uso kwenye skrini, nikasoma. Neno la pili nilijikwaa nikalirudia. La nne nililivunja vipande viwili. Jina la faili nililitaja herufi kwa herufi, kistari kwa kistari. Mwanafunzi aliinamisha macho. Hakuna aliyecheka, hata shemeji.

"Nimeelewa," alisema Opareta. "Kila neno. Hata Jumanne ningeelewa."

Akafunga laptop, akaitia kwenye mkoba, akaitafuta fimbo kwa mguu mpaka akaipata, akatoka.