Sarafu Kumi na Nne za Maman Drocella

Saa moja asubuhi, Kamembe. Ridhwani Hakizimana anazima mvukuto na kuweka bangili mbili za shaba kwenye kiganja. Zimetoka kwenye kalibu moja, lakini moja imezidi unene kidogo. Anairudisha motoni bila kusita.

"Bintu bya kweli binafananaka," anasema. "Njo vile baba alinifundisha."

Ana miaka 58, thelathini na mmoja kati yake ikiwa ya kuyeyusha shaba. Jozi ya bangili huiuza faranga elfu sita, na wiki nyingine haiuziki hata moja. Lakini kinachomkosesha raha si umaskini. Ni hukumu aliyoitoa miaka miwili iliyopita.

Drocella Uwineza, mjane aliyerudi kutoka Bukavu, alimletea sarafu kumi na nne za shaba. Baba yake, aliyekuwa mpishi wa Mgiriki miaka mingi, aliachiwa na bwana huyo. "Papa Ridhwani, uniangalilie kama biko na bei," alimwomba.

Fundi akazipanga. Zote zilikuwa na kichwa cha farasi, ila huyu alitazama kulia, yule kushoto. Moja ilikuwa na nyota shingoni, nyingine kichala cha zabibu.

"Nilisema uyu mwenye kuzitengeneza alikuwa anajifunza kazi. Nikamwambia Maman, ni bya bandia, tuyeyushe tu."

Drocella akakubali. Zikawa bangili za arusi ya binti yake, Uwase.

Mwaka jana mwalimu mstaafu, Ntabaza, alikuja na kitabu cha picha, akitaka medali ya shule. Ridhwani akafunua kurasa, akakutana na farasi wale wale, nyota na zabibu. Ntabaza akamweleza kwamba Wagiriki wa kale walichonga kwa mkono kila muhuri wa kupigia sarafu, ndiyo maana sarafu zao hazikulingana. Hata vialama vile vina watu wanaovitafuta.

Majuto ni mjukuu, na wa Ridhwani ameshaota meno.

"Bei sijui, na haiko bei njo inaniuma. Alikuja juu ya vile ananiamini. Neno 'sijui' lilinishinda kusema."

Drocella hajui lolote. Kila akipita humshukuru, na humletea parachichi za Giheke. Ridhwani anakiri kwamba hajawahi kuzila.

Mwandishi anamuuliza kama jina lake litajwe gazetini.

"Muandike yote. Lakini munipe mpaka Jumapili, siku ya Mungu, Maman akitoka misa. Nitaenda kwake mwenyewe. Asisome ku gazeti kitu sijamwambia na mudomo yangu."