Msaidizi wangu kampanga mama mkwe foleni

Jamani, leo nusura nirudishwe kwetu!

Mnajua nimeajiri msaidizi hapa kwenye cherehani zangu, Kasulu mjini. Anaitwa Devota, katokea Kibondo. Kazi yake ni kupokea simu na kupanga wateja, ili mimi nishone kwa amani.

Asubuhi nikamwambia, "Nakata suti ya bwana harusi. Asiingie mtu!"

Na kweli hakuingia mtu.

Natoka nje kunyoosha mgongo, namwona nani kwenye benchi, katikati ya wateja? Mama mkwe! Katoka Kagerankanda, kapakata kuku.

Devota hamjui, kwa hiyo kampanga foleni kama wengine. 🙈

Nikapiga magoti palepale, pini bado mdomoni, nikaanza na makofi ya salamu kama tunavyosalimia sisi Waha.

Mama akanizuia. "Acha kwanza, mwanangu. Zamu yangu bado."

Heee!

Kumbe Devota alishampigia magoti kabla yangu, akampa na maji ya kunywa. Mama anatabasamu tu, anawatambia wateja, "Huyu ni mkwe wangu. Siku hizi humwoni mpaka awe na nafasi!"

Zamu yake ikafika, tukapiga stori, tukacheka mpaka machozi, akaaga.

Na kuku?

Kampa Devota! "Huyu binti ana adabu. Mwongeze mshahara."

Haya, nyie mlioajiri wasaidizi, nishaurini: kuku wangu naanzia wapi kumdai? 😂