Heriel na Namba za Mzee Liang

Kwaya ya Moshi ilimweka Heriel kwenye besi kwa sababu sauti ya tenori ilimkaba. Besi nako hakufika chini kabisa. Miaka kumi aliimba hivyo, kama shati lisilo na saizi, na hakuna aliyemwambia kwamba ipo sauti ya katikati, inaitwa baritoni, na ina soko lake.

Alikuja kujua mwaka 1998, tena Guangzhou, China. Alikuwa amefuatana na dada yake, Felisia, aliyenunua nguo za jumla kwenye soko la Shisanhang. Kazi ya Heriel ilikuwa kuhesabu mashati na kufunga marobota, na akihesabu huimba. Siku moja mwenye duka akaacha kubonyeza kikokotoo chake. Mumewe, mzee Liang, alipiga piano kwenye chuo cha muziki, kwa hiyo mama yule alijua anachosikia.

"Huyu anasoma muziki?" akamuuliza Felisia.

Felisia hajawahi kukiri kasoro ya bidhaa mbele ya mnunuzi. "Karatasi yoyote, mama. Mpe hata iliyoliwa na panya."

Alhamisi, chuoni kwa mzee Liang, Heriel akasimama mbele ya walimu watatu. Viza yake ilibakiza siku tisa. Chuo kikimpokea, anabaki kusomea uimbaji. Kikimkataa, anarudi Moshi na marobota.

Wakamwekea karatasi. Mistari mitano, na vidoa vyeusi vimetapakaa kama kunguni ukutani. Kwao kwaya hujifunza kwa herufi za ubaoni, d kwa do, r kwa re, basi. Mistari hakuna aliyewahi kumfundisha.

"Bu xing," akasema mwalimu mkuu, neno lile lile la sokoni la kukataa bei. Akanyoosha mkono kuichukua karatasi.

"Ngoja, bosi!" Felisia akadakia kutoka mlangoni, kwa Kichina chake cha kununulia nguo. Kisha kwa Kiswahili: "Heri, usisimame kama mlingoti! Waonyeshe mnavyoandika nyumbani!"

Heriel akachukua chaki. Akaandika d, m, s, akaziimba.

Mzee Liang akainuka kwenye piano. Akautazama ubao, akacheka hadi miwani ikamteleza. Akafuta d, akaandika 1. Akafuta m, akaandika 3. Penye s, 5. Kumbe Wachina nao huandika nyimbo zao kwa namba, moja ikiwa do, popote do itakapoanzia. Akakaa, akauhamisha wimbo wote wa ile karatasi kwenye namba, walimu wenzake wakitazama saa. Heriel akaupokea, akauimba kwa "la" mwanzo hadi mwisho, wimbo ambao hajawahi kuusikia. Sauti ikatulia mahali pake, si juu, si chini.

"Baritoni," akasema mzee Liang.

"Ni ugonjwa?" Felisia akauliza.

Wakampa mwaka mmoja, kwa sharti ajifunze mistari. Nje Heriel akamgeukia dada yake. "Dada, uliniuza bila kufungua boksi."

"Na hukurudishwa dukani. Tembea."

Watu husema kipaji hujitafutia njia. Si kweli. Cha Heriel kilitafutiwa, na mpaka leo anawataja waliokitafutia kwa majina. Mistari alikuja kuijua. Aliimba opera kama askari asiye na jina, baadaye kama daktari mwenye kurasa mbili tu za kuimba. Mwisho wa 1999 akapewa jioni yake mwenyewe ya nyimbo za Kijerumani na Kichina, mzee Liang akiwa kwenye piano. Felisia alimwachia wakala kontena lake bandarini, akaja kukaa mbele na kupiga makofi pasipotakiwa.

Kabla ya kupanda jukwaani, Heriel alimpa mzee penseli na ukurasa wa kwanza wa nyimbo.

"Niandikie namba chini ya mistari."

"Huzihitaji tena."

"Najua, mzee. Andika."