Siku Nilipokunywa Maziwa ya Mkurugenzi

Mkipita Litein mkasikia mwendesha boda boda akiniita "Mkurugenzi!", msidhani ananiheshimu. Ananicheka, tena ana haki ya kunicheka, kwa sababu siku hiyo alikuwepo na pikipiki yake ilikuwa ya tatu katika ule msafara. Nimekaa na aibu hii nikiizungukazunguka, sasa nimeamua niwasimulie mwenyewe, maana yeye akisimulia huongeza chumvi (husema nililia, nami sikulia, ingawa macho yalikuwa na maji kidogo).

Kituo chetu cha sanaa ya kisasa kiko nje kidogo ya mji, ndani ya stoo ya zamani iliyokuwa ya kukusanyia majani ya chai. Si biashara, ni shirika lisilotafuta faida, na wazee wa hapa wakiziona kazi zetu za waya na mabati husema hiyo habari ya kukosa faida wanaielewa vizuri sana. Mkurugenzi wa kwanza alipohamia Nairobi, bodi ilinipa funguo nizishike kwa wiki mbili tatu hivi. Nilizishika miaka minne. Nilikuwa nikifungua saa mbili asubuhi, nafagia mavi ya popo, natundika picha, nawaeleza wageni kwamba lile rundo la makasi ya kuchumia chai si takataka bali ni kazi ya msanii, kisha nawapikia chai ili wasiondoke wakinuna. Nikaitwa kaimu mkurugenzi. Na mtu akiitwa kaimu miaka minne, huanza kuamini kwamba hilo neno la mbele watu wamesahau tu kuliondoa.

Mwishowe bodi ikatangaza nafasi ya kazi, nami nikaomba kama wengine. Sasa sikieni taabu ya kuwa kaimu: siku ya mahojiano ni mimi niliyepanga meza, ni mimi niliyechemsha chai ya bodi, halafu nikatoka nje, nikafunga mlango, nikabisha hodi na kuingia kama mgeni. Mwenyekiti wetu ni Mama Wanjiru, ana duka la vifaa vya ujenzi mjini, wazazi wake walihamia huku kutoka Nyeri na yeye amezaliwa hapa hapa. Akaniambia, "Karibu Kiprono, sikia uko nyumbani," tukacheka wote. Akaniuliza nikipewa kazi, mwaka wa kwanza nitafanya nini. Nikajibu kwamba nitaendelea pale tulipofika, nitapaka lango rangi, nitaziba paa. Nilitoka nikijiona nimejibu vizuri kupita kiasi.

Na kuna jambo nililofanya nikitoka, ambalo mpaka leo nimemwambia mtu mmoja tu. Kiti nilichokalia kilikuwa kizima. Stoo tulikuwa na kingine chenye mguu mmoja mfupi, ukikikalia kinayumba, mtu anaonekana ana wasiwasi hata kama hana. Nikajifanya napanga chumba, nikaondoa kile kizima, nikawawekea kile cha kuyumba wale walionifuata (ndiyo, nilifanya hivyo, na Jumapili yake nilitoa sadaka kama kawaida).

Wa mwisho kuingia alikuwa Achieng. Kwao ni kule ziwani, lakini baba yake alifanya kazi kiwandani kwetu miaka mingi, na yeye alizaliwa na kukulia katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai. Nilikuwa napeleka vikombe nikamwona anakaa, anayumba, anatabasamu. Akaikunja karatasi aliyokuwa ameishika, akainama akaisukuma chini ya ule mguu mfupi, akaendelea kuongea bila karatasi. Nikafurahi moyoni, nikidhani sasa ameshapotea.

Alhamisi iliyofuata Mama Wanjiru akanipigia simu.

"Kiprono, Jumamosi tunatangaza director. Kuja umevaa suti. Kuna kitu inakuhusu."

"Inanihusu aje, Mama?"

"Wewe kuja tu. Utafurahi."

Nyinyi mngefikiria nini? Nilitembea mpaka kwa mama yangu kama mtu aliyepunguzwa uzito. Kwetu sisi Wakipsigis, mtoto akishinda mbio, akihitimu chuo, akirudi nyumbani na kitu mkononi, hupokewa kwa mursik, yale maziwa lala ya kwenye kibuyu yenye unga wa mkaa, na huvishwa shingoni sinendet, mmea wa kutambaa. Hayo hafanyiwi mtu anayetumaini. Hufanyiwa aliyeshinda. Na mimi sikusema nimeshinda, nataka hilo lieleweke. Nilichofanya ni kuuliza swali moja.

"Mama, ile mursik iko tayari?"

Mama aliacha kuchambua mboga. "Ni ya nini?"

"Tungoje tu Jumamosi," nikasema, nikatabasamu, na lile tabasamu ndilo lililoniponza.

Mama yangu alichuma chai tangu akiwa msichana mpaka vidole vikakataa kunyooka, na kanisani alikuwa haishi kuulizwa, "Huyu wako bado anaangalia tu picha?" Kwa hiyo alimwambia jirani mmoja, mmoja tu. Jirani akawaambia akina mama wa kanisa, nao wakamwambia binamu yangu wa boda boda, na binamu yangu ni mtu wa kupanga mambo. Ijumaa niliwakuta wakikata sinendet kando ya mto. Hapo ningeweza kusema, "Ngojeni kwanza." Nilijifanya sijawaona, nikapita njia ya juu.

Kadi za mwaliko zilisema shughuli ni saa tano. Binamu akapiga hesabu kwamba msafara ufike saa sita kamili, jina likiwa limeshatajwa. Lakini shughuli zetu mnazijua. Saa tano hema lilikuwa bado linafungwa kamba, saa tano na nusu spika zilikuwa zimegoma, na saa sita kamili Mama Wanjiru ndiyo kwanza ameshika maiki, anasema, "Kabla nitaje jina, wacha tushukuru Mungu kwa hii mvua." Hapo hapo honi zikasikika barabarani.

Zilikuja pikipiki kumi na kitu, kila moja imebeba akina mama wawili wamevaa vitambaa vya kanisa, na ya mbele kabisa imembeba mama yangu, amekaa upande, kibuyu amekipakata. Waliingia wakiimba jina langu, langu kabisa na la baba yangu, wakisema mtoto wao ameshinda. Wageni wakainuka, wengine wakapiga makofi (mtu akiona watu wanaimba hupiga makofi kwanza, maswali baadaye). Nikavishwa sinendet mpaka ikafunika tai. Mama akamimina mursik kwenye kifuniko cha kibuyu, akaninyooshea kwa mikono miwili.

Nilimtazama Mama Wanjiru. Alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Nikasema moyoni, maskini, ameguswa. Nikanywa. Nikaongezwa, nikanywa tena.

Kungeishia hapo ingekuwa nafuu. Mtu akapaza sauti, "Aongee! Aongee!" na maiki, sijui ilifikaje, ikawa mkononi mwangu. Nikasema, masharubu ya mursik yakiwa bado mdomoni, "Naishukuru bodi kwa kuniamini. Kitu ya kwanza, hiyo gate yetu tutapaka rangi." Akina mama wakapiga vigelegele kwa ajili ya lango. Mama Wanjiru akanijia haraka, akaishika maiki kwa kiganja ili aninong'oneze, lakini akashika pasipozima kitu, na zile spika zilizogoma asubuhi nzima zikaona sasa ndio wakati wa kufanya kazi.

"Kiprono, kijana yangu. Si wewe."

Ilisikika mpaka ng'ambo ya barabara, kwa watu waliokuwa wakichuma chai. Niliwaona wakisimama na vikapu mgongoni.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya niwasimulie, si hicho cha kucheka. Watu walianza kuulizana ni nani basi, Mama Wanjiru akamtaja Achieng, na macho yakaenda nyuma ya hema, ambako alikuwa amekaa na baba yake. Mzee alikuwa na koti lililopigwa pasi mpaka linang'aa, fimbo katikati ya magoti. Hakuna aliyekuwa amewaletea wimbo. Kisha nikasikia upande wa pikipiki mtu akisema, "Huyo si wa hapa." Mwingine akaitikia, "Ati ametoka wapi?" Nyinyi ni watu wazima, mnajua maneno hayo yalishawahi kufanya nini katika nchi hii yetu, na mnajua huwa yanaanza hivyo hivyo, kwa sauti ya chini, mtu mmoja na jirani yake.

Nitawaambia ukweli ingawa unaniuma. Kwa muda wa pumzi mbili hivi, maneno yale yalinipendeza. Nilikuwa na maiki mkononi na watu kumi na kitu wenye pikipiki walioniimbia jina. Ningesema tu, "Hata mimi nashangaa," ningetoka pale nikiwa nimeonewa badala ya kuwa nimeaibika, na Achieng asingefungua kile kituo hata siku moja. Nilimwona baba yake akiishika fimbo vizuri zaidi na kumwambia binti yake kitu sikioni, na binti akatikisa kichwa kwamba hapana, hatuondoki.

Mama akanivuta mkono. Spika zilikuwa zinapasua maneno na hakuwa amesikia vizuri. "Wanasema nini?" akaniuliza kwa Kikipsigis.

Nilitamani aniulize mtu mwingine yeyote. Nikamjibu kwa Kikipsigis, na kwa sauti, ili wale wa pikipiki nao wasikie: "Mama, nilikosea. Si mimi niliyeshinda. Ni yule pale, Achieng, na ameshinda kwa haki."

Mama alinitazama, akatazama kibuyu. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza mbele ya watu kuliko vile alivyonitazama. Kisha akauliza, "Aliyekaa naye ni baba yake?"

"Ndiyo."

"Basi maziwa haitarudi nyumbani," akasema. "Lete hiyo sinendet."

Akatangulia, mimi nyuma, nikihangaika kuivua ile sinendet iliyonaswa kwenye miwani na sikio, mpaka ikatoka na miwani yenyewe. Mama alipofika alianza na mzee. Akamwamkia, "Chamgei," na mzee, aliyekaa kwetu miaka yote ile, akaitikia "Chamgei mising" bila kukwama, akakipokea kifuniko, akanywa, akampa binti yake. Mimi nikamvisha Achieng sinendet bila miwani, kwa hiyo nusu ilimwangukia begani. Akina mama wa kanisa wakatazamana, mmoja akauliza, "Anaitwa nani tena?" na wimbo ukaanza upya na jina la Achieng, likiwafanya waruke pigo moja kila walipolifikia. Kisha binamu yangu akapiga honi, na wale wengine wa pikipiki wakafuata.

Na lile jambo lililonihusu? Lilikuwa cheti cha shukrani kwa miaka minne, ndani ya fremu, na kuthibitishwa kuwa msimamizi wa maonyesho. Nilikipokea nikiwa bado na masharubu, nikapigwa picha hivyo hivyo. Ile picha iko sebuleni kwa mama, na ameitundika pale ambapo kila mgeni lazima aione.

Jumatatu nikampelekea Achieng funguo. Alikuwa ofisini amekaa kwenye kile kiti, maana sikuwa nimekiondoa, na kilikuwa kinayumba kidogo.

"Hiki kiti tunajuana," akasema.

Nikamwambia basi, yote, kwamba ni mimi niliyekileta na kwa nini.

"Najua. Nilikuwa nje nangoja, nikakuona kwa dirisha ukikibeba. Leta nyundo, Bwana Kiprono, tukitengeneze."

Tulipokigeuza, ile karatasi yake ilikuwa bado imeng'ang'ania chini ya mguu, imebanwa na uchafu wa wiki mbili. Nikaikunjua nikidhani naenda kuitupa. Ilikuwa ni majibu aliyojiandalia, kwa mwandiko wa kalamu, na juu kabisa alikuwa ameandika: *Mwaka wa kwanza. Nisibadilishe kitu chochote kabla sijakaa na yule anayefungua mlango, anieleze anachokijua.*

Nilisoma mara mbili. Halafu nikamwambia macho yamepata vumbi (yule wa boda boda hakuwepo hapo, kwa hiyo hilo halijui), nikaenda kuchemsha chai, na tukakaa mpaka mchana namweleza habari za popo, paa na lile rundo la makasi.

Lango tulilipaka rangi mwezi uliofuata, yeye na mimi. Na mimi nimejiwekea nadhiri, hata niwe nimeitiwa jambo zuri namna gani: mpaka nisikie jina langu limetajwa kwa maiki, tena mara mbili, kwa mama nitaomba chai tu.