Viganja Vyenye Moto

Kabla ya kumgusa mke wangu, daktari wa upasuaji husugua viganja vyake mpaka vipate moto. Kisha huviweka tumboni taratibu, na haachi alama. Mimi nikimshika tu mkono aketi, damu inavilia, kesho yake vidole vyangu vyote vinaonekana pale, na mama mkwe ananitazama kwa jicho la pembeni. Chembe za mke wangu za kugandisha damu zimekwisha. Wengu unazila, na dawa zimeshindwa. Ndiyo maana tukakubali wengu utolewe, mimba ikiwa ya miezi mitano. Daktari huongea kwa sauti ya chini: “Mama kijacho, leo nani kampiga nani teke?” Mke wangu, aliyeninunia wiki nzima, hucheka mpaka akashika mbavu. Nilimtafutia mtu huyu kasoro, nikaambulia soksi zisizofanana.

Asubuhi baada ya upasuaji alikuja, mke wangu bado kafumba macho kwa usingizi wa dawa, akasugua viganja, akagusa pembeni ya bandeji. “Huyu hapa, anacheza!” Teke hilo nililisubiri tangu alfajiri. Nikaweka mkono wangu, mtoto akatulia tuli. “Pasha kwanza, baba,” akaniambia, akaenda zake kitanda cha jirani. Nikasugua viganja kama yeye, huku namlaani moyoni, nikaviweka. Mtoto akapiga teke. Mke wangu akatabasamu, macho kayafumba vilevile.

“Asante, daktari,” akasema.